Kwa nini hijabu inaingia darasani Leicester na kuvuliwa langoni Marseille

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimehamia Leicester baada ya kuolewa huko nyumbani. Mdogo wangu yuko Marseille, mumewe ni Mngazija mwenye uraia wa Ufaransa. Mabinti zetu ni marika, wana miaka 13. Wangu anakwenda shule na hijabu yake na hakuna anayemwuliza. Wa mdogo wangu anaivua langoni kila asubuhi, anaivaa tena akitoka. Serikali zote mbili zinasema zinaheshimu dini. Kila tukipigiana simu tunabishana: mimi nasema Wafaransa wanatuchukia, yeye anasema Waingereza hawatujali, wametuacha tujikunje kwenye mitaa yetu. Nani kati yetu ana haki? Na je, nimshauri ahamie huku? — Mama wa Leicester

JIBU: Dada yangu, wewe na mdogo wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi wenu hauishi. Lakini nyote mmeanzia kwenye moyo wa serikali, kwamba inatupenda au inatuchukia. Mimi naanzia kwenye mapatano ya zamani. Nchi za Ulaya hazikukaa chini zikatunga sera ya Waislamu tangu mwanzo. Zilikuwa na mapatano na makanisa yao, mengine yamepatikana baada ya ugomvi mrefu, na Waislamu walipofika kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili wakawa kama wapangaji wapya katika nyumba ambayo vyumba vyake vimekwisha kugawanywa. Anayetaka kujua kwa nini mpwa wako anavua hijabu inabidi aanze na ugomvi wa Wafaransa na mapadri.

Ugomvi huo ulikuwa wa kumlea mtoto. Karne nzima ya 19 wafuasi wa Jamhuri na Kanisa Katoliki walivutana juu ya nani atamfundisha mtoto wa Kifaransa nini ni kweli. Sheria za 1881 na 1882 zikaifanya shule ya serikali kuwa ya bure, ya lazima na isiyofundisha dini. Sheria ya 1886 ikawatoa watawa na masista kwenye ualimu wa shule hizo. Kisha sheria ya Desemba 1905 ikakata uzi kabisa: Jamhuri haitambui dini yoyote wala hailipi mishahara ya viongozi wa dini yoyote. Hapo hakuna Mwislamu aliyekuwa akifikiriwa. Lakini kwa Mfaransa wa mrengo wa Jamhuri, shule ya serikali ilibaki kuwa ardhi iliyotekwa kutoka kwa Kanisa, na kila alama ya dini inayoingia humo anaiona kama adui anayerudi kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana kisa kidogo cha Creil, mji ulioko kaskazini ya Paris, kilitikisa nchi nzima. Septemba 1989 wasichana watatu walikatazwa kuingia darasani kwa sababu ya hijabu. Ulikuwa mwaka wa kuadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi, na miezi michache nyuma Ayatollah Khomeini wa Iran alikuwa ametoa fatwa dhidi ya mwandishi Salman Rushdie, kwa hiyo watu walikuwa tayari wameshikwa na joto. Serikali ikaomba ushauri wa Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya masuala ya utawala. Novemba mwaka huo Baraza likajibu kwa utulivu ambao wengi wamekwisha kuusahau: hijabu peke yake haipingani na shule ya serikali, ila kama mwanafunzi anaitumia kushinikiza wenzake, kuhubiri, au kuvuruga masomo. Kwa miaka 15 hivi kila mkuu wa shule akawa anaamua kwa kadiri ya busara yake, na waliofukuzwa wakawa wanakwenda mahakamani, mara nyingine wanashinda.

Wanasiasa walichoka na hali hiyo. Februari 2004 Bunge likapitisha, kwa kura 494 dhidi ya 36, sheria ya kukataza alama na mavazi yanayoonesha waziwazi dini ya mwanafunzi katika shule za serikali za msingi na sekondari. Rais Chirac akaisaini Machi 15. Kofia ya Kiyahudi imo, msalaba mkubwa umo, hijabu imo. Agosti 2023 Waziri wa Elimu akaongeza abaya, na Baraza la Dola likakubaliana naye.

Sasa, wewe ukiusikia mkasa huu unasema "wanatuchukia", na sitakuzuia kabisa. Sheria iliyoandikwa kwa maneno yanayozihusu dini zote ililetwa na mjadala uliokuwa juu ya dini moja, na kila mtu bungeni alijua. Lakini angalia pia pale ambapo Ufaransa haifuati msimamo wake yenyewe. Alsace na Moselle zilikuwa chini ya Ujerumani mwaka 1905, kwa hiyo sheria ile haikufika huko, na mpaka leo mapadri, wachungaji wa Kiprotestanti na marabi wanalipwa na serikali. Maimamu hawamo, kwa sababu hawakuwamo kwenye mapatano ya zama za Napoleon. Guyane ya Ufaransa, mapadri wa Kikatoliki wanalipwa na fedha za umma kwa amri ya mfalme ya mwaka 1828. Hata Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926, ulijengwa kwa msaada wa fedha za serikali ili kuwaenzi Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa.

Na kuna Mayotte, kisiwa kilicho jirani na kwao shemeji yako. Huko karibu watu wote ni Waislamu, na dola hiyohiyo ya Ufaransa kwa miaka mingi iliwatambua makadhi, ikawaacha waamue ndoa, talaka na mirathi ya wenyeji. Mamlaka yao ya kuhukumu yaliondolewa mwaka 2010, kisiwa kilipokuwa kinajiandaa kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, na hilo likatimia Machi 2011. Hata hivyo makadhi wapo hadi leo, wanalipwa na halmashauri ya mkoa kama wapatanishi. Sheria ya 1905 yenyewe haitumiki huko. Kwa hiyo Mfaransa akikuambia kwamba jambo hili ni la msingi usioyumba, mwulize habari za Mayotte. Mimi nimewauliza maprofesa wawili watatu wa Kifaransa, na kila mmoja alianza jibu lake kwa neno "kihistoria".

Uingereza sasa. Huko hakuna utengano wowote wa dola na dini. Mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi. Sheria ya Elimu ya 1944 ilizifunga shule za Kanisa ndani ya mfumo wa serikali, na leo karibu theluthi moja ya shule zinazolipiwa na serikali nchini humo ni za dini, nyingi za Kianglikana na Kikatoliki. Katika nchi ya namna hiyo Mwislamu akiomba shule yake ilipiwe, serikali haina hoja ya msingi ya kumkatalia. Inabakiwa na urasimu tu. Shule ya msingi ya Islamia, iliyoanzishwa 1983 kule Brent, London, na Yusuf Islam, yule aliyekuwa mwimbaji Cat Stevens, iliomba na kukataliwa mpaka 1998 ndipo ikapata fedha za umma. Miaka 15 kwa shule moja. Mdogo wako akikuuliza ukarimu wa Waingereza uko wapi, mpe mfano huu, kisha umweleze kwamba hatimaye walipata kwa sababu mlango ulikuwepo. 

Na hata mlango huo haukuwa wa kila mtu. Sheria ya Uingereza ya 1976 dhidi ya ubaguzi iliwalinda watu kwa rangi, taifa na kabila. Dini haikuwamo. Mwaka 1983 mtoto wa Kisingasinga aliyekataliwa shuleni kwa sababu ya kilemba alishinda mbele ya Malodi, ambao wakati huo ndio walikuwa mahakama ya mwisho, kwa hoja kwamba Masingasinga ni kabila. Wayahudi nao walihesabiwa kabila. Waislamu, wakiwa Wapakistani, Wasomali, Waturuki na Waswahili, hawakuweza kuwa kabila, kwa hiyo mwajiri aliyesema "sitaki Waislamu" hakuwa amevunja sheria moja kwa moja. Ilibidi mwanasheria azunguke, athibitishe kwamba anayebaguliwa hasa ni Mpakistani. Shimo hilo lilizibwa kazini Desemba 2003 tu, na msukumo ulitoka Brussels, kwenye agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2000. Huduma na biashara zilifuata kwa sheria ya 2006, na yote yakaunganishwa katika Sheria ya Usawa ya 2010.

Unaposema hakuna anayemwuliza binti yako, ujue basi kwamba hakuna sheria ya Bunge inayompa haki ya hijabu darasani kwa jina. Anayeamua ni mkuu wa shule na bodi yake, kwa kuzingatia Sheria ya Usawa. Shule ya Denbigh kule Luton iliruhusu hijabu na shalwar kamizi ndani ya sare yake, baada ya kushauriana na wazazi na misikiti. Mwanafunzi mmoja akataka jilbabu refu, akakataliwa, akashtaki. Mwaka 2006 Malodi wakaipa shule ushindi. Mkuu wa shule hiyo mwenyewe alitoka katika familia ya Kiislamu ya Kibengali, na Waislamu walikuwa pande zote mbili za shauri. Ukisikia mtu anasema Uingereza inaruhusu kila kitu, hajasoma hukumu hiyo.

Leicester nayo isikudanganye kwamba ilizaliwa na ukarimu. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya mji wako ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasije Leicester, eti nyumba na shule zimejaa. Walikuja. Miaka minne nyuma, 1968, Bunge la London lilipitisha kwa haraka, katika siku chache tu, sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza. Leo mji huohuo unajisifia mchanganyiko wake, na sensa ya 2021 iliwakuta Waislamu kuwa asilimia 23.5 ya wakazi wake. Sera ya tamaduni nyingi, yaani kila jamii kuachiwa mila zake ndani ya nchi moja, kwa Uingereza ilikuja baada ya watu kuwa wamekwisha kuingia na kukataa kuondoka. Haijawahi hata kuwa na sheria yenye jina hilo. Kanada ndiyo iliyotangaza sera hiyo rasmi mwaka 1971 na kuitungia sheria 1988. Ndiyo maana nilishangaa kidogo Februari 2011, David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, aliposimama Munich akasema sera ya dola ya tamaduni nyingi imeshindwa, miezi michache baada ya Angela Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, kusema maneno ya namna hiyohiyo Potsdam. Siku iliyofuata shule za dini ziliendelea kulipiwa, Sheria ya Usawa iliendelea kufanya kazi, na bodi za shule ziliendelea kuruhusu hijabu.

Kilichobadilika kweli kilikuwa upande wa polisi na usalama. Baada ya mabomu ya London ya Julai 2005 mpango wa serikali uitwao Prevent ulikua, na tangu sheria ya 2015 walimu, wauguzi na wahadhiri wana wajibu wa kisheria wa kuzingatia hatari ya watu kuvutwa kwenye ugaidi. Hii ina maana mwalimu akisikia neno la binti yako ambalo limemtia wasiwasi anaweza kulipeleka mbele. Sikutishi, mradi ulijue.

Nije kwa mdogo wako, maana na yeye ana hoja, na kwa maoni yangu hoja yake nzito kuliko zote ni ambayo pengine hata hajaitaja. Ni ndoa.

Wewe umefungiwa nikaha Tanga. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu kuwa ndoa, na Uingereza inaitambua kwa sababu ilikuwa halali pale ilipofungwa. Sasa mchukulie binti yako, akifikisha umri, akafungiwa nikaha sebuleni kwako Leicester, au ukumbini, na shehe, walii, mashahidi, mahari na pilau. Mbele ya sheria ya Uingereza hajaolewa. Yeye ni hawara wa mtu. Mume akiondoka hana madai ya mke kwenye nyumba wala kwenye akiba ya uzeeni, na mume akifa bila wasia, harithi kama mjane. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo wazi Februari 2020, katika shauri la mke na mume waliofungiwa nikaha mgahawani London mwaka 1998 mbele ya wageni wapatao 150, wakazaa watoto wanne. Mahakama ya chini ilijaribu kumsaidia yule mama kwa kuiita ndoa yake ndoa batili, kwa kuwa hata ndoa batili ingempa haki za mali. Rufaa ikasema hapana, hiyo si ndoa batili, ni kitu ambacho sheria haikioni. Ndoa ya Kiislamu inahesabika tu ikifungwa msikitini kwenye jengo lililosajiliwa kwa ajili hiyo, kwa taratibu zake, na misikiti mingi haijasajiliwa. Au mwende kwa msajili wa serikali, kabla au baada ya nikaha.

Wanawake wanaoachwa njia panda namna hii ndio wanaojaza mabaraza ya sharia, kama lile la Leyton, mashariki mwa London, lililoanza 1982. Magazeti huyaandika kana kwamba ni mahakama zinazotaka kuipindua nchi. Tume iliyoyachunguza na kutoa ripoti Februari 2018 ilikuta zaidi ya asilimia 90 ya wanaoyaendea ni wanawake wanaotafuta talaka. Hayana nguvu yoyote ya kisheria. Mwanamke mwenye ndoa ya nikaha peke yake hana mahakama ya kumpa talaka, maana mahakama haimwoni kuwa ni mke, kwa hiyo anakwenda kwa mashehe. Tume ilipendekeza sheria ibadilishwe ili ndoa ya serikali ifungwe kabla ya nikaha au pamoja nayo.

Na hapa nina dukuduku langu. Waingereza haohao, walipotawala Zanzibar na ukanda wa pwani ya Kenya, waliwatambua makadhi na kuwalipa, na mpaka leo makadhi wa Kenya wamo katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Walijua vizuri sana namna ya kuitambua nikaha. Kwao nyumbani, Mwislamu akawa raia binafsi mwenye hobi ya dini, anayefunga kitu sebuleni ambacho ni shughuli yake mwenyewe. Huo ndio "kutojali" anaokuambia mdogo wako, na hapo namwunga mkono.

Ufaransa, kwa ukali wake uleule ulioanza na mapadri, imefunga mwanya huu. Ndoa ya serikali kwa meya lazima itangulie, na kiongozi wa dini anayezoea kufungisha ndoa kabla ya hapo anatenda kosa la jinai, kifungo cha hadi miezi 6 na faini ya yuro 7,500. Sheria iliwekwa ili padri asimpokonye meya ndoa. Leo inamlinda binti wa Mngazija. Si kwamba hakuna nikaha za siri Marseille, zipo, lakini familia inajua kwamba inakiuka sheria, na imamu mwenye akili anauliza kwanza cheti cha meya. Mabinti wenu wawili, wakiwa na miaka 25, yawezekana huyu aliyevua hijabu langoni ndiye mwenye haki zaidi nyumbani kwake.

Umeuliza pia, kwa njia yako, ni sera ipi inawasaidia watoto. Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu Ufaransa haihesabu watu kwa dini. Sensa yake ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya 1872, na sheria ya 1978 inabana sana ukusanyaji wa taarifa za kabila na dini. Wenyewe wanaona ni heshima. Mimi naona ni njia nzuri ya kutojua nani anaumia. Watafiti wakatafuta njia nyingine. Utafiti uliochapishwa 2010 ulituma kwa waajiri wa Kifaransa wasifu wa wasichana wawili wa kubuni, wote wenye asili ya Senegali, ukoo mmoja wa Diouf, elimu ileile. Mmoja aliitwa Marie na alikuwa amejitolea katika shirika la Kikatoliki, mwingine Khadija, amejitolea katika shirika la Kiislamu. Marie aliitwa kwenye usaili kwa asilimia 21 ya maombi, Khadija 8. Rangi ileile. Sheria inayosema haioni dini ilikuwa na waajiri wanaoiona vizuri kabisa.

Juu ya katazo lenyewe la hijabu, tafiti zinagongana. Uliochapishwa 2020 unasema sheria ya 2004 iliwapunguzia wasichana wa Kiislamu nafasi ya kumaliza sekondari, hasa wale waliokuwa shuleni wakati inaanza. Mwingine ulioangalia waraka wa wizara wa 1994, ambao uliwahimiza wakuu wa shule kukataza bila kuwalazimisha, uliona matokeo ya wasichana hao yaliboreka. Wapenzi wa kila upande hunukuu mmoja na kuuficha mwingine. Nionavyo mimi haziko mbali sana: mwaka 1994 mkuu wa shule alikuwa na nafasi ya kukaa na familia na kupatana, na 2004 ikawa amri, chagua hijabu au darasa. Msichana anayelazimishwa hijabu nyumbani huenda alipumua. Aliyeichagua mwenyewe aliambiwa hatakiwi. Sheria moja haiwezi kuwatofautisha hao wawili mlangoni.

Uingereza inahesabu, na hesabu zake hazifurahishi. Sensa ya 2021 England na Wales ilikuta Waislamu milioni 3.9, asilimia 6.5 ya watu. Wenye umri wa miaka 16 hadi 64 waliokuwa na kazi walikuwa asilimia 48.6, wakati kwa watu wote ni 70.9. Sehemu ya pengo hilo ni wanafunzi na wanawake walio nyumbani kwa hiari, si yote ubaguzi, ila si dogo. Baada ya ghasia za Oldham, Burnley na Bradford mwaka 2001 ripoti ya serikali ilisema jamii zinaishi maisha sambamba yasiyokutana. Leicester yenyewe ilikuwa na ghasia kati ya vijana wa Kihindu na wa Kiislamu 2022. Kwa upande wa shule lakini kuna habari njema ambayo haitangazwi: watoto wa asili ya Bangladeshi, ambao zamani walikuwa nyuma kabisa kwenye mitihani ya miaka 16, sasa wako mbele ya wastani wa watoto weupe wa Kiingereza. Hijabu ilikuwepo walipokuwa nyuma na ipo walipotangulia. Kilichobadilika ni fedha na walimu waliopelekwa kwenye shule za mashariki mwa London, na wazazi waliokaza.

Kuna mfano mmoja ulio jirani yako kabisa. Wasomali wengi wa Leicester walipitia Uholanzi kwanza, wakapata uraia huko, ndipo wakavuka kuja kwenu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Uholanzi ndiyo iliyokuwa na sera rasmi ya tamaduni nyingi iliyoandikwa vizuri kuliko zote Ulaya: waraka wa serikali wa 1983, shule za Kiislamu zinazolipiwa na dola tangu 1988, hata masomo ya lugha za nyumbani. Wakaondoka. Walipoulizwa na watafiti, walisema walikuwa wametawanywa kwenye miji midogo mbali na ndugu, kufungua duka kulihitaji vyeti chungu nzima, na walitaka watoto wasome Kiingereza, karibu na msikiti. Waliondoka kwenye sera nzuri ya karatasi wakaja mahali ambapo serikali haikuwaandikia lolote, ila palikuwa na fremu ya duka ya kupanga.

Sasa kuhama. Njia waliyopita Wasomali hao ilikuwa ya raia wa Umoja wa Ulaya, na imefungwa tangu mwisho wa 2020. Pasi ya Ufaransa haimpi tena shemeji yako haki ya kuishi wala kufanya kazi Leicester. Atahitaji viza ya kazi kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo kabla hujamshauri hilo, mwambie mdogo wako aangalie yaliyo karibu. Sheria ya 2004 haizigusi shule binafsi, hata zenye mkataba na serikali ambazo ada yake si kubwa. Kaskazini mwa Marseille kuna shule za Kikatoliki ambazo wanafunzi wengi ni Waislamu, na baadhi ya wakuu wake huruhusu hijabu, ingawa si wote, kwa hiyo aulize kabla ya kujaza fomu. Chuo kikuu hakuna katazo, wala mtaani. Kinachokatazwa mtaani, kwa sheria ya 2010, ni kufunika uso.

Wewe, kwa upande wako, usiahirishe suala la msajili mpaka siku ya posa.

Na mabinti waulizwe wenyewe wanataka kusomea nini. Ufaransa mtumishi yeyote wa umma, mwalimu au muuguzi wa hospitali ya serikali, haruhusiwi hijabu kazini, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliukubali msimamo huo mwaka 2015 katika shauri la mfanyakazi wa hospitali. London, polisi wa kike wameruhusiwa hijabu ya sare tangu 2001. Mpwa wako akisema anataka uhandisi au biashara, katazo la utumishi wa umma huenda lisimguse. Akisema uuguzi, mama yake ana miaka mitano ya kufikiri naye.